Siku Mbuzi wa Mahari Walipoilamba Nyumba Yangu

Aibu hii naisimulia kwa mdomo wangu mwenyewe, maana nikinyamaza watu wa mtaa wetu wa Kamalondo wataisimulia vibaya zaidi, wataongeza mbuzi, wataongeza na mbio nisizokimbia (nilitembea haraka, sikukimbia), na mwisho mtaamini kwamba nyumba yangu ililiwa yote ikaisha, kumbe iliyoliwa ni nusu tu, tena ile nusu ya chini.

Wakati huo Wabelgiji wangali wanatawala, mji wetu unaitwa Élisabethville kwenye barua na Lubumbashi midomoni mwetu. Mimi nilikuwa fundi wa mikate kwa Mgiriki mmoja kule mjini kwa wazungu, naamka kukiwa giza, narudi mchana nikiwa mweupe kama mzuka kwa unga, na kila mtu Kamalondo alinijua: Baba Régine wa mikate. Nyumba yangu ilikuwa ya matofari mabichi, vyumba viwili na kibaraza, bati zinavuja, sakafu ya udongo, kuta zimekula moshi tangu tulipohama kutoka Pweto, kule ziwani. Tuliishi humo vizuri, sisemi uongo, hakuna aliyelalamika. Shida ilianza na furaha.

Binti yangu Régine alipata mchumba. Kijana mwenyewe Placide, karani, Mukasai, yaani mtu wa Kasai, mpole mpaka unatamani umtikise kidogo aseme neno. Siku moja akaja kunieleza kwamba baba yake mdogo, Mzee Tshibangu, aliyemlea, atakuja na ndugu zake kuleta mahari, Jumapili fulani baada ya Pasaka. Nilimshukuru, nikamsindikiza hadi barabarani, niliporudi nikasimama mbele ya nyumba yangu nikaitazama kwa macho ya Mzee Tshibangu. Jamani, sikuipenda. Wakasai wale ni watu wa shule na biashara, watu wa suti. Nikajiona nimeketi nao chini ya bati lile linalodondosha maji, nikasema hapana, tutatengeneza.

Mke wangu alikubali upesi kuliko nilivyotarajia, kwa sababu kumbe alikuwa akiweka akiba ya biashara yake ya samaki wakavu. Tukaweka pamoja chake na changu. Kisha akafanya jambo ambalo mpaka leo nalihesabu kuwa ndiyo akili yote iliyotumika katika ujenzi ule: alichukua kitambaa, akazigawa zile falanga, akafunga mafundo manne.

“Hii fundo ni ya manjanja,” akasema (manjanja ndizo bati, kwetu). “Hii ya simenti ya chini. Hii ya chokaa, na mushahara ya fundi iko ndani. Na hii ingine ni ya mambo yenye hatujawaza. Ile usiiguse, Baba Régine.”

“Kama hatujawaza, tutajua bei yake namna gani?”

“Njo maana inabakia pembeni.”

Nikacheka. Nilimwambia anafikiri kama muuza samaki, yeye akajibu kwamba samaki ndio waliomfundisha, maana hakuna safari ya kutoka Pweto ambayo hakitokei kitu njiani. Mlango haukuwa na fundo lake kwa sababu mlango tulikuwa nao, wa mbao, unafunga, unafungua, mtu angetaka nini zaidi.

Tulianza na paa, kama alivyopanga. Tulimchukua Fundi Kalenga, mwashi wa mtaa wetu, mtu mrefu anayesema polepole, na paa likaenda vizuri mno. Mvua ya kwanza ilipopiga juu ya bati mpya, sisi watatu, mimi, mke wangu na Régine, tulikaa kimya katikati ya chumba tukiangalia juu kama watu walio kanisani, na hakuna tone lililoanguka. Nafikiri hapo ndipo kichwa kilipoharibika. Mtu akifaulu jambo moja anadhani amefaulu yote.

Siku iliyofuata nilitumwa kupeleka mikate Kenya (mtaa wa hapa hapa mjini, si ile nchi), na njiani, kwenye karakana ya seremala mmoja, nikauona mlango. Ulikuwa umeegemezwa ukutani peke yake. Ulitolewa kwenye nyumba ya mzungu aliyerudi Ulaya, mbao nyekundu nzito, kitasa cha shaba, na katika nusu yake ya juu vioo vya rangi: chekundu, cha bluu, cha manjano. Jua lilikuwa linapita ndani yake, na mchanga wote wa pale chini umevaa rangi kama kitenge. Nikasimama na mikate yangu. Nikaona mkono wa Mzee Tshibangu umeshika kitasa kile. Nikaona uso wake.

Seremala akataja bei. Nikarudi nyumbani mchana, Mama Régine yuko sokoni, nikakitoa kitambaa sandukuni, nikakifungua, nikalitoa fundo la nne. (Nilijiambia: mlango huu si ndio jambo lenyewe ambalo hatukuliwaza? Nani aliuwaza mlango wa namna hii?) Nikaazima pusipusi, kile kigari cha mkono, nikausukuma mlango kutoka Kenya hadi Kamalondo, umesimama wima, nimeufunga kwa kamba, na kila niliyepita mbele yake aliacha alilokuwa akifanya. Wanawake waliokuwa wakisuka nywele walisimama na vichana mikononi. Fundi cherehani mmoja alitoka nje ya kibanda chake na futi shingoni akauzunguka mlango bila kusema, kisha akanipa mkono. Nilikuwa na furaha ya mtu anayepeleka bibi arusi.

Mama Régine alitoka, akautazama mlango, akaingia ndani. Nilisikia anafungua sanduku. Akarudi.

“Sawa,” akasema. “Wewe njo mwenye nyumba.”

Hilo ndilo neno pekee alilosema siku hiyo, na ningelikuwa na akili ningelirudisha mlango kabla kamba hazijafunguliwa.

Fundi Kalenga alikuja na uzi wake, akapima mlango, akapima nafasi ya ukuta, akapima tena mlango.

“Baba Régine, mulango iko mukubwa. Iko kama mulango ya kanisa.”

“Basi tupanue ukuta.”

“Huu ukuta iko matofari bichi. Ukiigusa pa kichwa, sijui itafanya nini.”

Ukuta ulifanya hivi: tulipoondoa matofari ya juu, yale ya pembeni yakaona hayana kazi tena, yakashuka, na nusu ya upande wa mbele ikalala chini taratibu kabisa, bila kelele, kama mtu aliyechoka. Tukakaa siku kadhaa nyumba iko wazi na mlango wangu umesimama peke yake ndani ya fremu, una kitasa na ufunguo, huku pembeni mwake ng’ombe angepita. (Jioni nilikuwa naufunga kwa ufunguo hata hivyo. Mazoea.) Kujenga tena ukuta na kuufanya uushike mlango ule mzito kulitaka simenti, na simenti iliyokuwapo ni ya sakafu. Basi tukachukua ya sakafu. Kalenga akafanya kazi mara mbili, na ni haki alipwe mara mbili, basi tukachukua ya chokaa. Sakafu tuliimwaga kwa mchanga mwingi na simenti ya kuonja tu, ikatoka laini, nzuri, nyembamba kama chapati. Na chokaa iliyobaki ilitosha labda ukuta mmoja, tena kama ni wa choo.

Hapo sasa fundi wa mikate akaingia kazini. Kule kwa Mgiriki tulikuwa tunaruhusiwa kuchukua unga unaofagiwa mwisho wa kazi. Nilijua, kama kila mtu ajuavyo, kwamba chumvi kidogo inasaidia chokaa ishike ukuta. Nilijua pia kwamba hakuna gundi inayoshinda uji wa unga. Nikachukua ile chokaa kidogo iliyobaki, nikaongeza udongo mweupe, nikapika uji wa ngano pipa zima, nikamimina, nikatia chumvi, nikakoroga, nikaonja kwa ncha ya kidole (kazi inazoesha), nikaongeza chumvi.

“Chumvi kiloko nilisha kuisikia,” Kalenga akasema. “Lakini unga mingi hivi, hapana. Hiyo haiko rangi. Hiyo iko chakula.”

“Wewe paka tu,” nikamwambia.

Akapaka, nje na ndani. Na nawaambieni ukweli, ndugu zangu, nyumba ile ilitoka nyeupe kuliko shuka za hospitali. Mtaa wote ulikuja kuona. Nilikuwa navuka barabara, naitazama kutoka ng’ambo, narudi, navuka tena. Mlango unang’aa, kuta zinang’aa, bati zinang’aa. Nilimwambia Régine kwamba hata gavana angeweza kuja kuposa pale, naye akacheka, akanishika mkono, na kwa mara ya kwanza tangu ukuta ulale nikaona hata mama yake anatabasamu.

Jua lilipopiga siku mbili tatu, nyumba ikaanza kunuka mkate. Si harufu mbaya, lakini wapita njia walikuwa wakiuliza kama nimefungua duka. Kisha kuta zikaanza kutoa mapele, zikavimba hapa na pale kama donge lililotiwa hamira. Nikawa naamka kabla ya kwenda kazini nazunguka nyumba nayapapasa mapele kwa kiganja, nayalaza.

Mama Régine akanitazama kutoka uani. “Inaanza kuiva,” akasema.

Usiku wa kuamkia Jumapili mvua ikanyesha, ile ya mwisho mwisho ya masika, na kuta zikapata ubichi. Nikasema si kitu, jua litakausha. Tukaenda misa, tukarudi, mchana wageni wakafika.

Mzee Tshibangu alikuwa mtu mnene, mrefu, suti nyeusi, kofia mkononi, anasalimia kila mtu kwa jina la utani la ukoo wake kama mtu aliyefundishwa adabu tangu tumboni. Nyuma yake dada yake, Placide na shati lililopigwa pasi mpaka linakata, na mbuzi watatu wa mahari kwenye kamba, beberu mmoja na majike wawili. Mbuzi wazuri sana. Na hapa, kama kuna kosa jingine langu, ni hili: desturi ingetaka wapelekwe nyuma ya lupango, yaani ua wetu, wafungwe huko kimya kimya. Mimi nikataka barabara nzima iwaone. Nikawafunga mbele, kwenye msumari wa ukuta, chini ya dirisha.

Mzee akashika kitasa. Akafungua. Jua likaingia naye, na uso wake ukawa nusu nyekundu nusu bluu, akasimama hapo kidogo akiitazama mikono yake iliyopata rangi.

“Mulango iko muzuri,” akasema.

Ningekufa pale ningekufa nimeshiba. Nikamkaribisha kwenye kiti kikubwa, akaketi, na tukaanza maneno ya desturi. Alikuwa amefika kwenye “tumefuata ua ndani ya nyumba yenu” niliposikia kitu kama biskuti inavunjika, na mguu wa nyuma wa kiti chake ukapita ndani ya sakafu. Mzee akaenda nyuma polepole, kiti kikazama mpaka mgongo wake ukakutana na ukuta, na hapo akatulia, miguu imeinuka kidogo, uso haujabadilika hata kidogo. Adabu ile. Placide alitaka kumwinua, mzee akamzuia kwa mkono, akaendelea na maneno yake akiwa ameegama vile, kama kwamba kwao mahari hutolewa hivyo.

Ndipo tukaanza kusikia mlio. Kwaru, kwaru, kwaru. Kama seremala anayepiga msasa, lakini maseremala watatu. Ulitoka ukutani, chini ya dirisha. Nikainua sauti. Nikaeleza habari za Pweto, za ziwa, za babu zangu. Mlio ukaongezeka. Nikaeleza jinsi nilivyojenga nyumba yangu kwa kazi bora, simenti tupu (mguu wa kiti uko ndani ya sakafu, nami nasema simenti tupu). Kisha nje watu wakaanza kucheka, kwanza mmoja, halafu wengi, na sauti ya mwanamke ikasema waziwazi: “Baba Régine, uliweka na mafuta?”

Tukatoka wote.

Mbuzi walikuwa wamelamba. Wamelamba kuanzia msumari hadi pembeni ya nyumba, kwa bidii, kama walioajiriwa, na beberu amesimama kwa miguu ya nyuma, mikono juu ya dirisha, anafuata mapele ya juu. Chini kote udongo mtupu wa kahawia umetokea, juu weupe umebaki, na nyumba yangu imesimama mbele ya Kamalondo nzima kama mtu aliyevaa shati akasahau suruali. Watu waliotoka misa ya pili wamejaa barabarani. Kalenga yuko katikati yao, hacheki, anatikisa kichwa tu, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Mzee Tshibangu akageuka kunitazama, na mgongo wake ukawageukia mbuzi. Suti nyeusi yote ya nyuma ilikuwa nyeupe, mbichi, ya chumvi. Beberu akashuka dirishani.

Alianza na pindo la koti. Mzee akasogea hatua moja, mbuzi hatua moja. Mzee akasogea tena, kamba ikakaza, msumari ukatoka na kipande cha ukuta wangu, na majike wakaona njia. Basi Mzee Tshibangu akaanza kutembea. Hakukimbia, mtu kama yule hawezi kukimbia, alitembea kwa heshima yake yote katikati ya barabara, kofia mkononi, beberu nyuma yake analamba, majike wanagombea upande wa kushoto, mimi nyuma yao nashika kamba kila mara inaponiponyoka, Placide nyuma yangu anasema “Papa mudogo, Papa mudogo” kwa sauti ya chini, na nyuma ya Placide mtaa.

Kwenye kona, mbele ya baa, mzee akasimama. Nikapata kamba. Nikataka kuwavuta.

“Acha,” akasema bila kugeuka. “Imalize.”

Tukasubiri. Nilitazama nyuma nikamwona Régine amesimama mlangoni, uso wake una rangi za vioo, mkono mdomoni. Nikajua analia. Kwa ajili ya mlango nilikuwa nimemharibia mtoto ndoa, na mbele ya watu wote. Furaha yote ya majuma yale ikanishuka miguuni.

Tuliporudi nyumbani hakuna aliyetaka kuketi. Nikafungua mdomo nianze uongo mwingine, kwamba chokaa ya siku hizi inakuja mbovu kutoka Ulaya, lakini mke wangu akanitangulia.

“Mukwe,” akamwambia mzee, amepiga magoti kidogo kama ilivyo adabu, lakini macho yako juu. “Hii nyumba iko ya bulongo. Tulipanga kuitengeneza na feza yenye tuko nayo, na ilikuwa inatosha. Bwana akauza mulango, ilitosha tena hapana. Njo akapaka bunga ya mikate na chumvi. Aliogopa mutatuzarau. Hakuna ingine.”

(Kuuza kwetu ni kununua pia, msichanganyikiwe.)

Mzee akageuka. Akautazama ukuta, akautazama mlango, akaitazama sakafu yenye shimo la mguu wa kiti. Dada yake akamnong’oneza kitu kwa Kiluba cha kwao. Placide alikuwa amefumba macho.

“Nilikuwa nafikiri turudi,” mzee akasema. “Bantu benye kuficha ukuta, banaweza kuficha na maneno ya mutoto wabo. Lakini mama anasema mbele yangu bila kupinda.” Akapumua. “Na tena kuko shida. Hizi mbuzi zimekwisha kula kwenu. Kwetu nyama akikula mu lupango ya bantu, haarudi na mwenyewe. Paka ziikale.” (Yaani mnyama akila kwa watu harudi na mwenyewe; mbuzi hawa lazima wabaki.)

Nikadhani sikusikia vizuri. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na mtu yule mwenye adabu zote akacheka mpaka akashika kitasa cha mlango wangu asianguke, na Régine akatoa mkono mdomoni, kumbe hakuwa analia tangu mwanzo, alikuwa anajizuia. Placide naye akacheka, ndipo nikajua kwamba ana meno.

Walikula bukari, yaani ugali, na samaki wa Pweto, wameketi uani kwenye mikeka, mbali na kuta. Koti nililifua mwenyewe kesho yake, maji mara tatu, na lilipokauka nililipeleka kwa miguu hadi kwao nikasikia vicheko kabla sijabisha hodi.

Ndoa ilifungwa, wajukuu wakaja. Kamalondo hawakuniita tena Baba Régine wa mikate, wakaniita Baba Lamba, na hata waliolitumia jina hilo mara ya kwanza walipokufa, watoto wao wameendelea. Kiangazi kilichofuata tulimwaga sakafu upya, simenti ya kweli, sakafu peke yake, na fedha zote alizishika mama. Ukuta tuliuacha wa kahawia. Mimi nimeapa, na nyie mwape pamoja nami kama mna nyumba: natengeneza kitu kimoja mpaka kiishe ndipo nitazame kingine, simuulizi seremala bei ya kitu ambacho sikukifuata, na mgeni akinikuta na ukuta wa udongo, namkaribisha kwenye udongo.